Mpira Haufungui Mpaka

Imani kwamba michezo ya kimataifa huleta amani kati ya mataifa ni miongoni mwa imani chache za zama hizi zinazorudiwa na marais, maaskofu, masheikh, viongozi wa mashirikisho na watangazaji wa redio bila mtu yeyote kudai ushahidi. Kila yanapokaribia mashindano makubwa husemwa kwamba vijana wa mataifa yanayohasimiana wakikutana uwanjani, wakapeana mikono na kubadilishana jezi, uhasama wa wakubwa wao utalegea. Wataalamu wa mahusiano ya kimataifa wameupa mwenendo huo jina la diplomasia ya michezo, yaani matumizi ya mashindano, wanamichezo na vyama vyao katika kujenga, kurekebisha au hata kukata uhusiano wa dola na dola. Hata hivyo, historia ya karne ya ishirini, na hasa historia ya Afrika, ina fundisho ambalo hotuba hizo hulipita kimyakimya, nalo ni kwamba michezo imeitumikia amani kwa nguvu zaidi pale watu walipokataa kuicheza kuliko pale walipoicheza.

Chimbuko la imani yenyewe ni Ugiriki ya kale, ambako mashindano ya Olimpia, yanayohesabiwa kwa desturi kuanzia mwaka 776 kabla ya Kristo, yalitanguliwa na tangazo lililoitwa ekekheiria, maana yake kuzuia mikono. Tangazo hilo halikusimamisha vita vya Wagiriki, kama inavyodhaniwa na wengi. Lilichofanya ni kuwahakikishia wanariadha, makuhani na watazamaji usalama wa njiani wakati wa kwenda Olimpia na kurudi makwao, na kuyakataza majeshi yasiingie katika eneo takatifu la mashindano, huku majimbo yaliyokuwa vitani yakiendelea kupigana kwingineko. Ilikuwa ahadi ndogo yenye mipaka inayoeleweka, na huenda hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Mfaransa Pierre de Coubertin, alipoasisi Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mjini Paris mwaka 1894, aliichukua ahadi hiyo ndogo akaikuza hadi ikawa ndoto ya mataifa yote kupatana kwa kufahamiana, ndoto ambayo haikuweza hata kuinusuru michezo yenyewe, kwa kuwa ile ya 1916, 1940 na 1944 ilifutwa kwa sababu ya vita vikuu vya dunia. Mwaka 1993 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilifufua wito wa kusitisha mapigano wakati wa Olimpiki, na tangu hapo azimio la namna hiyo hupitishwa kabla ya michezo kuanza. Urusi iliingia vitani na Georgia Agosti 2008, siku zilezile Olimpiki ya Beijing ilipokuwa ikifunguliwa. Ikapeleka askari wake Crimea mwaka 2014, katika siku chache zilizotenganisha Olimpiki ya majira ya baridi ambayo iliiandaa yenyewe mjini Sochi na mashindano ya walemavu yaliyofuata mjini humohumo. Na ikaivamia Ukraine Februari 24, 2022, siku nne tu baada ya kufungwa kwa michezo mingine ya majira ya baridi mjini Beijing.

Mfano unaopendwa kuliko yote na watetezi wa diplomasia ya michezo ni ule wa mpira wa meza. Aprili 1971, wakati wa mashindano ya dunia mjini Nagoya, Japani, mchezaji wa Marekani aliyeitwa Glenn Cowan alipanda basi la timu ya China, na humo ndani bingwa wa China, Zhuang Zedong, akamkabidhi zawadi ya kitambaa cha hariri chenye sura ya milima ya Huangshan. Picha za wawili hao zilienea magazetini, timu ya Marekani ikaalikwa China na kuvuka mpaka Aprili 10, na mwezi Februari 1972 Rais Richard Nixon mwenyewe akatua Beijing, baada ya zaidi ya miaka 20 ya nchi hizo mbili kutotambuana. Kwa namna kisa hicho kinavyosimuliwa, mtu angeweza kuamini kwamba kitambaa kilimaliza uhasama ambao mabalozi walishindwa kuumaliza.

Ukweli ni kwamba uamuzi ulikwisha kuiva kabla ya basi hilo kuondoka. Machi 1969 majeshi ya China na Urusi ya Kisovieti yalipigana katika mto Ussuri, na Mao Zedong, akiwa na jirani mwenye silaha za nyuklia aliyegeuka adui, alianza kuhesabu kama Marekani ya mbali si nafuu kuliko Moscow ya karibu. Nixon naye, aliyekwama Vietnam, alikuwa akipeleka ujumbe wa siri Beijing kupitia serikali ya Pakistani, na Desemba 1970 Mao alimwambia mwandishi wa Kimarekani Edgar Snow kwamba rais huyo angekaribishwa akitaka kuja. Wachezaji wa mpira wa meza walikuja kuwapa wakubwa hao kitu kimoja ambacho waraka wa kibalozi haungeweza kuwapa, nacho ni nafasi ya kupima maji bila kujifunga: mwaliko ungepokewa vibaya, kila upande ungesema kwamba yalikuwa mambo ya wachezaji, na heshima ya dola isingeguswa. Zaidi ya hapo mchezo haukuwa na uwezo. Oktoba mwaka huohuo, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuirudishia Beijing kiti cha China, Marekani bado ilipinga, na waliocheza kwa furaha ukumbini walikuwa wajumbe wa Afrika, Salim Ahmed Salim wa Tanzania akiwa miongoni mwao. Uhusiano kamili wa kibalozi kati ya Washington na Beijing ulisubiri hadi Januari 1979.

Walio upande wa pili wa hoja, wale wanaoiona michezo kuwa chanzo cha chuki, nao wana mfano wao mashuhuri, ambao hauna uzito zaidi ya ule wa kwanza. Mwandishi George Orwell alikwisha kudai mwaka 1945, baada ya ziara ya timu ya Dynamo Moscow nchini Uingereza, kwamba mashindano ya mataifa huchochea uadui kuliko kuutuliza, na miaka 24 baadaye ilionekana kana kwamba Amerika ya Kati imemthibitisha. Juni 1969 Honduras na El Salvador zilikutana mara tatu kuwania nafasi ya Kombe la Dunia, Honduras ikishinda 1–0 nyumbani Tegucigalpa, El Salvador ikijibu kwa 3–0 mjini San Salvador na kuimaliza kazi kwa 3–2 katika dakika za nyongeza mjini Mexico, na Julai 14 jeshi la El Salvador likavuka mpaka. Vita hivyo vya siku nne vikabatizwa jina la vita vya soka. Lakini wakati huo Wasalvador wapatao 300,000 walikuwa wakiishi na kulima Honduras, wengi wao bila hati, na serikali ya Honduras ilikuwa imeanza kuwaondoa mashambani kwa sheria ya kugawa ardhi upya. Fujo za mashabiki ziliongeza moto kwenye jambo lililokuwa likifuka moshi tangu zamani, na hata kama timu hizo zisingepangwa pamoja, suala la ardhi lingebaki palepale. Mkataba wa amani ulitiwa saini mwaka 1980, na ardhi na mpaka ndivyo vilivyojadiliwa.

Afrika Mashariki ina historia yake, ambayo ni ndefu kuliko hizo na inafundisha zaidi. Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengenezaji wa sabuni aliyelitoa, lilianza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda, Tanganyika ikajiunga mwaka 1945 na Zanzibar baadaye kidogo, na mashindano hayo ndiyo yaliyozaa Kombe la Chalenji la Baraza la Vyama vya Soka vya Afrika Mashariki na Kati, maarufu kwa jina la CECAFA. Kama kukutana uwanjani mara kwa mara kungetosha kuleta amani, hakuna eneo la bara hili ambalo lingestahili amani kuliko hili.

Mwaka 1972 Uganda ya Idi Amin na Tanzania zilikaribia kupigana, baada ya wakimbizi wa Uganda waliokuwa Tanzania kujaribu kumng'oa Amin kwa silaha, na vita vikazuiwa na makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo. Mwaka uliofuata timu ya Tanzania ilikwenda Kampala kushindana katika Kombe la Chalenji, ikafika fainali na kufungwa na wenyeji. Mwaka 1974, mjini Dar es Salaam, timu hizohizo zilikutana tena katika fainali, na safari hii Tanzania ikalichukua kombe kwa mikwaju ya penalti. Fainali mbili mfululizo, moja katika kila mji mkuu wa soka wa nchi hizo, mbele ya viwanja vilivyojaa: hiyo ndiyo hali ambayo vitabu vya diplomasia ya michezo huiita bora kabisa. Machi 1978 Uganda ilifika hata fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra, ikafungwa na Ghana 2–0, na taifa lote likashangilia kama lililoshinda. Miezi saba baadaye jeshi la Amin liliingia Kagera, likachinja mifugo, likaua na kupora, na likatangaza kwamba eneo la Tanzania lililo kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Amin, ambaye katika ujana wake alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda, alifikia hatua ya kupendekeza kwamba yeye na Mwalimu Julius Nyerere wayamalize ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Ni vigumu kuupata mfano wa wazi zaidi wa lugha ya michezo kugeuzwa dhihaka na mtu aliyeanzisha vita. Mwalimu hakujibu kwa glavu. Aprili 11, 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni.

Kisa cha Kenya na Tanzania hakina damu, na kwa sababu hiyo hakisimuliwi sana, ingawa ndicho kinachopima vizuri zaidi uwezo wa michezo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na mpaka huo ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo mfanyabiashara hakuweza kupitisha bidhaa Namanga, na ndugu wa ukoo mmoja waliotenganishwa na mstari wa wakoloni walitembeleana kwa kuiba njia. Ilhali soka iliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1981 Dar es Salaam iliandaa Chalenji, Kenya ikaja, ikafika fainali, ikawafunga wenyeji 1–0 na kurudi Nairobi na kombe, na baada ya sherehe hizo mpaka ukaendelea kufungwa miaka miwili zaidi. Uliokuja kuufungua ni mjadala mkavu usio na mashabiki, uliosimamiwa na msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kuhusu nani achukue mabehewa, ndege, meli za ziwani na madeni ya jumuiya iliyokufa, hadi marais Moi wa Kenya, Nyerere wa Tanzania na Obote wa Uganda walipokutana Arusha na kukubaliana. Katika kipindi chote hicho wachezaji waliruhusiwa kupita pale ambapo wananchi wao walizuiwa, na hapana shaka jambo hilo liliacha uzi mwembamba wa udugu usikatike; lakini uzi si daraja, na wahasibu waliogawana injini za treni walifanya kazi kubwa zaidi ya amani kuliko washambuliaji wote wa miaka hiyo.

Upande wa pili wa historia hii, ule wa kukataa kucheza, una uzito wa namna nyingine. Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa dola iliyotenganisha watu kwa rangi katika makazi, shule, kazi na ndoa, mfumo uliojulikana kama aparthaidi, na utengano huo ulifika hadi kwenye kuchagua timu. Mwaka 1957, Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika lilipoandaliwa Khartoum, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa waasisi wanne, lakini ilikataa kupeleka timu ya mchanganyiko, na hivyo mashindano yakachezwa na Misri, Sudani na Ethiopia peke yao. Mwaka 1963 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipanga kufanya mkutano wake Nairobi, na serikali ya Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijakamilisha uhuru wake wa Desemba, ilikataa kuwapokea wajumbe wa Afrika Kusini, kamati ikalazimika kuhamia Baden-Baden, Ujerumani. Nchi isiyokuwa hata na bendera yake kwenye Umoja wa Mataifa iliwafungia mlango mabwana wakubwa wa michezo duniani, na mwaka uliofuata Afrika Kusini haikuonekana katika Olimpiki ya Tokyo.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya taasisi, na hapo ndipo penye somo. Desemba 1966, mjini Bamako, nchi za Afrika ziliunda Baraza Kuu la Michezo Barani Afrika, lililoongozwa kwa miaka mingi na Abraham Ordia wa Nigeria na Jean-Claude Ganga wa Kongo-Brazzaville, na chombo hicho kiligeuza hasira ya nchi mojamoja kuwa sauti ya bara zima. Wakuu wa Olimpiki walipojaribu mwaka 1968 kuirudisha Afrika Kusini katika michezo ya Mexico, tishio la nchi za Afrika na washirika wao kutokwenda liliwafanya wafute mwaliko katika miezi michache. Mwaka 1970 Afrika Kusini ilifukuzwa kabisa katika familia ya Olimpiki. Na mwaka 1972 Rhodesia ya walowezi iliondolewa katika michezo ya Munich siku chache kabla ya ufunguzi, kwa shinikizo lilelile.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini majuma machache tu baada ya polisi kuwapiga risasi watoto wa shule wa Soweto hapo Juni 16, na nchi za Afrika zikadai New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki ya Montreal. Jibu la wakuu wa Olimpiki lilikuwa kwamba raga si mchezo wa Olimpiki na kwa hiyo suala hilo haliwahusu, jibu ambalo kisheria lilikuwa sahihi na kimaadili lilikuwa tupu. Tanzania ilitangaza mapema kuliko wengine kwamba haitakwenda, na mwishoni zaidi ya nchi 20, karibu zote za Afrika, zilisusia, baadhi ya wanariadha wakiwa wamekwisha kufika Montreal na kulazimika kufunga mizigo kabla hawajakimbia hata hatua moja.

Bei ya uamuzi huo ilikuwa na majina. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa ameiweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kumwacha nyuma John Walker wa New Zealand, ambaye naye siku hiyo alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka 1975 Bayi alivunja rekodi ya maili moja, na miezi mitatu baadaye Walker akaivunja ya kwake. Dunia nzima ya riadha ilisubiri wawili hao wakutane Montreal. Walker aliishinda medali ya dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, polepole kwa karibu sekunde 7 kuliko rekodi ya Bayi, na Bayi hakuwapo. Kenya nayo ilikosa nafasi kwa kizazi cha akina Mike Boit na Henry Rono. Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya miezi mitatu, hakupata kukimbia Olimpiki hata mara moja. Watu hawa hawakupigiwa kura wala kuulizwa. Serikali zao zililipa gharama ya kanuni kwa miguu ya watu wengine, na jambo hilo linastahili kusemwa hata na anayeamini, kama makala haya yanavyoamini, kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki.

Ulikuwa wa haki, na ulizaa matunda. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola, wakihofia kwamba michezo ya jumuiya hiyo iliyokaribia ingesambaratika kama Montreal ilivyosambaratika, walifikia makubaliano ya Gleneagles, ambayo yalizitaka nchi wanachama kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini. Timu ya raga ya makaburu ilipozuru New Zealand mwaka 1981, ilipokewa na maandamano makubwa yaliyoigawa nchi hiyo, hata mechi ya Hamilton ikafutwa baada ya waandamanaji kuuvamia uwanja. Makaburu waliweza kuishi kwa muda mrefu bila kura ya Umoja wa Mataifa, lakini hawakuweza kuvumilia kwa utulivu Jumamosi zisizo na raga ya kimataifa, kwa kuwa raga kwao ilikuwa karibu na dini. Michezo peke yake haikuuangusha utawala huo, maana kulikuwa na mapambano ya ndani, vikwazo vya benki na vita vya Angola. Hata hivyo ilikuwa sehemu ya shinikizo iliyomfikia mzungu wa kawaida sebuleni kwake, mahali ambapo maazimio ya New York hayakufika.

Kususia nako hakufui dafu kila mahali. Rais Jimmy Carter alipotaka Olimpiki ya Moscow ya 1980 isusiwe kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistani, alimtuma Afrika Muhammad Ali, yuleyule ambaye Amin alitaka awe mwamuzi wake, na mjini Dar es Salaam bondia huyo alikuta waandishi wakimuuliza kwa nini Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976. Nyerere hakukubali hata kuonana naye. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda na kurudi na medali mbili za fedha, ya Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, ambazo hadi leo ndizo medali pekee za Olimpiki za nchi hiyo. Majeshi ya Kisovieti yalibaki Afghanistani hadi Februari 1989. Tofauti ya visa hivi viwili haihitaji falsafa kubwa. Dhidi ya Afrika Kusini kosa lilikuwa ndani ya michezo yenyewe, katika namna timu zilivyochaguliwa. Aliyenyimwa alikithamini mno alichonyimwa. Walionyima walikuwa na chombo chao cha pamoja na subira ya miaka 30. Na sharti la kurudi lilijulikana na kila mtu. Dhidi ya Moscow hakukuwa na hata moja kati ya hayo.

Ni katika mwanga huo ndipo sherehe maarufu ya Juni 24, 1995 inapaswa kutazamwa, siku Nelson Mandela alipoingia uwanja wa Ellis Park akiwa amevaa jezi ya timu ya raga iliyokuwa nembo ya makaburu, akamkabidhi nahodha Francois Pienaar Kombe la Dunia baada ya ushindi wa 15–12 dhidi ya New Zealand. Picha hiyo imefanywa ushahidi kwamba michezo hupatanisha, na ni kweli kwamba iliwagusa watu. Kinachosahaulika ni kwamba ilikuja mwaka mmoja baada ya uchaguzi, baada ya miaka ya mazungumzo ya katiba, na baada ya karibu miongo mitatu ya milango iliyofungwa. Afrika Kusini ingeruhusiwa kucheza wakati wote huo, hapangekuwa na cha kurudishiwa, na jezi ya kijani ingebaki vazi la upande mmoja. Hata katika timu hiyo ya ushindi, mchezaji asiye mzungu alikuwa mmoja tu, Chester Williams.

Siku hizi wenye fedha wamegundua matumizi mengine ya michezo, ambayo wachambuzi huyaita kujisafisha kwa michezo, yaani serikali yenye lawama mbele ya dunia kununua timu, kudhamini jezi au kuandaa mashindano ili jina lake lihusishwe na furaha badala ya shutuma. Februari 2025, wakati waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, wakiwa wameiteka Goma, serikali ya Kongo iliziandikia klabu za Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern Munich ikizitaka ziachane na udhamini wa utalii wa Rwanda, na Septemba mwaka huohuo Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Msomaji wa Bukavu na msomaji wa Kigali hawatakubaliana kuhusu mambo hayo mawili, na haishangazi. Linaloweza kusemwa na yeyote ni kwamba mashindano yalifana na vita vya mashariki ya Kongo havikupungukiwa na kitu.

Pamoja na hayo yote, kuna mahali ambapo kucheza pamoja hufanya kazi, na mara nyingi ni mahali pasipo na kamera nyingi. Mwanariadha Tegla Loroupe alianzisha mwaka 2003 taasisi ya amani ambayo huandaa mbio huko Pokot na maeneo ya jirani, zikiwakutanisha vijana wa Kipokot, Kiturkana na wa Karamoja ya Uganda, jamii ambazo kwa miaka mingi zimeibiana ng'ombe kwa bunduki. Mbio hizo zimesaidia kwa sababu ni za kila mara, zinawahusu watu walewale wanaopigana, na zimeambatana na shule na mazungumzo ya wazee. Loroupe huyohuyo ndiye aliyeiongoza timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio ya 2016, timu ya watu kumi, watano kati yao wakiwa wazaliwa wa Sudani Kusini waliolelewa katika kambi ya Kakuma. Hakuna aliyedai kwamba wanariadha hao wangevimaliza vita vya Juba. Walidai tu kuonekana kuwa watu, na dai hilo lilitimia.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zinatarajiwa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na jina lililochaguliwa kwa maombi hayo lilikuwa Pamoja. Dalili ya namna umoja huo unavyoweza kuwa mwembamba ilionekana mapema. Julai 2025, siku chache kabla ya nchi hizo tatu kufungua kwa pamoja mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, viongozi wa Kenya wakalalamika kwamba amri hiyo inakiuka mkataba wa soko la pamoja, na maneno makali yakaruka mpakani hata viwanja vilipokuwa vikipakwa rangi. Mashindano yalikwenda vizuri, Moroko ikalichukua kombe mjini Nairobi, na suala la machinga na mama wauza nafaka likabaki lilivyokuwa.

Serikali hizo tatu bado zina muda wa kufanya jambo ambalo kizazi cha 1981 hakikulifanya, yaani kutumia maandalizi ya mashindano kama tarehe ya mwisho ya kuyamaliza mabishano yaliyo mezani: vibali vya kazi, bei za leseni, vizuizi vya mahindi na maziwa, na haki ya mwananchi wa nchi moja kukaa na kusema katika nchi nyingine bila kubughudhiwa. Mashabiki watakapopewa ruhusa maalumu ya kuvuka Namanga, Mutukula na Busia kwa ajili ya mechi, wabunge na wanahabari wa nchi zote tatu wawaulize mawaziri swali moja kabla ya filimbi ya kwanza: ruhusa hiyo itaisha siku gani, na kwa nini iishe?